Jerikeni Hutangulia Mtu

Kazi ya kuchimba visima iligharimu mguu mmoja wa kulia, na haukuwa wangu. Nimehesabu mara mbili.

Siku yangu ya kwanza, kule Zombe, fundi mkuu aliniuliza, "Unajua hesabu?"

"Najua, fundi."

"Basi hesabu wanaoshuka na wanaopanda. Wakikosa kulingana, usiniulize mimi. Uliza shimo."

Nikawa mtu wa juu. Mtu wa juu husimamia kapi, lile gurudumu la kamba, hupokea ndoo za mawe, tena ndiye hupatana na mwenye kisima. Kupatana nilikuweza kuliko kamba. Nyinyi vijana mna mashine; sisi tulikuwa na mtaimbo na hofu. Ukiwa futi hamsini chini, mbingu ni kama sahani, na hiyo sahani haina kitu. Mwenye kisima alipaswa kutupikia muthokoi, lakini kupikia watu wanne ni kuni, maji na mke aliyenuna. Jerikeni ya kaluvu ilikuwa rahisi zaidi. Pombe hiyo ilinyamazisha njaa na hofu kwa pamoja.

Mutomo tulichimbia shemasi mmoja. "Pombe sitaki kuiona hapa kwangu," akasema.

"Hutaiona, shemasi. Itashuka shimoni."

Akafikiri kidogo, akakubali. Boma lake lilikuwa juu, pombe ilikuwa chini.

Tangu hapo ikawa desturi: jerikeni hushuka kwa kamba kwanza, mtu afuate. Musyoka, mchimbaji wetu hodari, alianza kunywa ili asiogope. Baada ya miaka akawa anakunywa ili mkono usitetemeke.

"Mzee, teremsha hiyo haraka," alizoea kusema, "ama leo nitapiga goti niache mwamba."

Tulicheka. Nami nikateremsha.

Ndoo ikipanda, aliye chini hujibana ukutani. Siku moja nikapaza sauti, "Ukutani!"

"Niko!" akajibu Musyoka.

Hakuwa. Alikuwa ameketi katikati, ameegemea jerikeni. Jiwe likachomoka kwenye ndoo. Hospitalini wakaukata mguu. Hesabu yangu siku hiyo ilikuwa sawa: wawili walishuka, wawili wakapanda.

Sasa nimestaafu. Musyoka amemaliza miezi saba bila kuonja. Kikosi kimempa ile kazi yangu ya juu, kuanzia Jumatatu, huko Kabati, na kazi nyingine hana. Ila jerikeni bado hutangulia, na sasa itapita mikononi mwake.

Ameniomba nikapatane na mwenye kisima apike chakula badala ya kutoa pombe. Miaka yote nimepatana kinyume cha hapo. Nyinyi mlio kazini bado, maneno kama hayo mnayaanzaje? Nishaurini kabla ya Jumatatu.