Suruali ya Kunguru

Mimi nilijua kwamba nyumba ile inanenepa hata kabla ya wenyewe kujua, kwa sababu mimi ndiye niliyewauzia lastiki.

Nauza vitambaa, vifungo, zipu na nyuzi. Nilianza na kikapu kimoja cha vifungo nikibisha hodi mlango hadi mlango. Leo nina duka, na sikulipata kwa kusoma sura za wateja. Nasoma wanachonunua. Barazani pangu nimempangisha fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye mkono mwepesi. Kwake wako wanne: yeye, mumewe, binti yao wa darasa la sita, na mama mkwe. Mwaka wa kwanza alinunua kwangu mita mbili za lastiki kwa nguo za nyumbani kwake. Mwaka wa nne akawa ananunua roli nzima. Watu ni wale wale wanne. Nikajiambia, humu kuna kitu kinaumuka. Lakini mteja akizidisha manunuzi, ni muuzaji gani atakayemuuliza sababu?

Mumewe ni mpaka rangi wa maghorofa. Hufungwa mkanda wa usalama, akashushwa kwa kamba kutoka paani, akapaka ukuta huku miguu inaning'inia. Mtaani wanamwita Kunguru, maana ukimtafuta yuko juu ya nyumba ya mtu. Kazi hiyo anaipenda kuliko usingizi.

Siku moja, saa za mchana, akaja dukani na nguo zake za kazi, uso umemshuka.

"Shemeji, shikamoo haina haja leo," akaniambia, kisha akamgeukia mkewe. "Wameleta mikanda mipya. Kila mkanda mwisho kilo mia, mwili na vifaa. Wametupima wote kwenye mizani ya mifuko ya saruji, mbele ya watu."

"Ukapata ngapi?" fundi akauliza.

"Mia na kumi na tatu. Wakacheka, eti Kunguru amekuwa bata! Msimamizi kanipa miezi mitano. Nisipofika mia nashushwa ghalani, nikachanganye rangi wapake wengine."

"Miezi mitano mingi," nikasema.

"Mizani yao mbovu hiyo! Mimi sijanenepa. Tazameni." Akajipiga kiunoni. "Suruali hii ina miaka saba, na inafunga kama siku niliyoinunua."

Fundi hakuinua kichwa. Cherehani yake ilikuwa inakimbia juu ya mshono ambao alikwisha kuushona.

Kunguru alipoondoka nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake. "Haya. Lete daftari."

Kila fundi ana daftari la vipimo. Lake lilikuwa na ukurasa wa mumewe. Kiuno, mwaka waliooana: inchi thelathini na nne. Chini yake thelathini na tano na nusu. Thelathini na saba. Thelathini na tisa. Arobaini na moja.

"Nilikuwa nafumua akiwa kazini, dada," akasema taratibu. "Kwanza nilitoa akiba ya kitambaa iliyo kwenye mshono wa nyuma. Ilipokwisha nikaingiza kipande cha kitambaa kile kile. Za nyumbani nikatia lastiki."

"Kwa nini?"

"Kuna siku suruali yake nzuri ilikataa kufunga. Akakaa kitandani, hasemi, hali. Nikaona, inchi moja kitu gani? Nikafumua. Baadaye nikazoea. Na sare za mtoto vivyo hivyo. Na magauni yangu."

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kinamwagika. Katika nyumba nyingine nguo ndiyo inayomkemea mtu kabla ya daktari. Katika nyumba ile nguo zilikuwa zimefundishwa adabu, hazisemi kitu.

"Mwambie," nikasema.

"Atakasirika."

"Atakasirika, ndiyo. Lakini akiamini mizani ndiyo mbovu, hatapunguza hata kijiko. Miezi mitano itakwisha akiilaani mizani."

Alimwambia kesho yake, pale pale barazani, kwa sababu aliogopa kumwambia nyumbani mbele ya mama mkwe. Kunguru akalipokea daftari, akafuata tarakimu kwa kidole chenye rangi nyeupe ukuchani.

"Kwa hiyo miaka yote hii unanivisha uongo?"

"Aliyekula ni wewe, shemeji," nikamwambia. "Mwenzio alishona tu."

Akatoka. Baadaye tukasikia amekwenda kupimwa kwa fundi mwingine, mtaa wa tatu, na kipimo kimetoka arobaini na moja na nusu.

"Nusu ya nini?" fundi akaguna. "Tepu ya yule imelegea." Hapo nikajua ndoa itapona.

Wiki ya kwanza Kunguru alifanya kama wanavyofanya wanaume: aliacha kula. Asubuhi chai kavu, mchana maji. Jioni akirudi anaingia jikoni kama gari lililokatika breki, anamaliza sufuria, anapangusa na mkate. Mwisho wa wiki akapanda kwenye mizani ya zahanati. Amepungua nusu kilo. Muuguzi akampima na presha, akamwambia imeanza kupanda, na kwamba kushinda na njaa siyo dawa. Ale mara zote, ila sahani nusu yake iwe mboga.

"Shemeji," nikamwambia alipokuja kulalamika, "mimi nimenunua majora ya vitambaa maisha yangu yote. Anayetaka bei ishuke yote siku moja hurudi mikono mitupu. Unashusha kidogo, unanyamaza, unashusha tena. Chai unatia vijiko vingapi?"

"Vinne."

"Wiki hii vitatu."

"Vitatu na nusu."

"Vitatu, na wiki ijayo viwili. Ukibishana naanzia viwili leo."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mizani. "Vitatu."

Biashara ikaanza. Mkewe akaacha kumimina mafuta kutoka kwenye chupa. Akawa anapima kwa kijiko, vitatu kwa sufuria ya watu wanne. Upawa mkubwa wa wali ukafichwa kabatini. Sufuria ikabaki jikoni, haiji tena mezani kukaa mbele ya watu kama mgeni wa heshima. Anayetaka kuongeza ainuke. Utaona ajabu watu wanavyoshiba wakikumbuka kuinuka. Soda zikahamia siku ya Jumapili tu. Na hakuna aliyepikiwa chakula chake peke yake, chungu kilikuwa kimoja. Hilo nililisisitiza mimi. Mgonjwa akitengewa chungu, hula cha kwake, halafu akadokoa cha wenzake.

Kikwazo kilikuwa mama mkwe. Bibi yule alilea watoto kwa shida, na kwake sahani ndogo ni tusi. Akaja dukani na fimbo yake.

"Wewe muuza vitambaa, ndiwe unayemfundisha mkwe wangu kuninyimia mwanangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto anakauka kama ukuni! Watu watasema mkewe hampikii."

"Wacha waseme, mama. Wakimwona anakoroga rangi ghalani watasema nini?"

Akanyamaza. Nami mtu akinyamaza ndipo ninapoweka bei yangu. "Mkweo huyu hajui kupika mboga. Zinachujuka, zinakuwa maji. Mwanao anazila kwa kufumba macho."

"Hilo nililisema tangu mwaka wa kwanza," akasema, amefurahi.

"Basi zishike wewe. Wali apakue yeye, mboga upakue wewe, kwa mkono wako."

Kuanzia siku ile bibi akawa anajaza nusu sahani ya mwanawe kwa mboga za majani na maharage, na ole wake abakishe. Fundi aliniuliza kama kweli mboga zake huchujuka. Nikamwambia, "Za kwako nzuri. Lakini ungependa kipi, sifa au mume wa inchi thelathini na saba?"

Yeye naye aliapa kutofumua tena. Alimshonea mumewe suruali moja ya kazi, bila lastiki, na ndani ya kiuno akapitisha uzi mwekundu mahali kipimo kilipo. Kiuno kikipungua, anapunguza suruali, anauhamisha uzi. Kuna mwezi uzi haukusogea hata kidogo. Kulikuwa na sherehe mbili kazini na Kunguru alikula bila kipimo. Fundi hakumficha. Alimwonyesha uzi uko pale pale, akaendelea na kazi yake. Bandu bandu huisha gogo, lakini ziko siku shoka linagonga fundo.

Mwezi wa tano ukaisha. Kunguru alikwenda kupimwa asubuhi, na barazani cherehani haikulia hata mara moja. Fundi alipanga vifungo vyangu kwa rangi, akavivuruga, akavipanga tena.

Saa sita akatokea, suruali ile ya miaka saba ameishika kwa mkono isianguke.

"Mia na mbili," akasema.

Fundi akakaa chini.

"Ngoja. Mia na mbili pamoja na kopo la rangi limejaa. Msimamizi akasema pole. Nikamwambia, bosi, kopo ni kilo tano. Kwani lazima lining'inie kiunoni mwangu? Lipande kwa kamba yake na kapi, kama matofali. Akasema kila mtu hubeba lake. Nikasema basi wote tuache, mabega yetu yapone. Akafikiri. Akanipima bila kopo." Akanitazama mimi. "Tisini na saba, shemeji. Naanza ukuta wa kaskazini kesho."

"Nani kakufundisha kubishana hivyo?"

"Vijiko vya sukari."

Fundi akainuka, akachukua tepu shingoni, akamzungushia kiunoni. Thelathini na sita na robo. Akalisogeza daftari mbele yake. "Andika mwenyewe."

Kunguru akaandika. Kisha akafunua ukurasa wa pili, wa tatu. "Na wa kwako uko wapi?"

Haukuwapo. Miaka yote ile fundi alikuwa akipima watu wote isipokuwa yeye mwenyewe.

Fundi akanipa tepu. "Nipime, dada. Na usivute."

Sikuvuta. Nikasoma tepu ilichosema, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyowasomea wateja mita. Kunguru akamtazama mkewe kwanza, mkewe akaitikia kwa kichwa, naye akaandika juu ya karatasi tupu. Halafu fundi akarudi kwenye kiti chake, akaivuta suruali ya kazi ya mumewe, akaagiza uzi mwekundu, roli mbili. Akaomba nimpunguzie bei, kwa kuwa lastiki hatanunua tena.

Nikampunguzia, lakini si sana.