Kikombe cha Babu

Pampu ya maji niliyoifunga chini ya kitanda kwenye gari langu, ambalo ndilo nyumba yangu, inavuta hewa tupu na kukohoa. Mpira wake unanuka kama kisima cha bibi, kule Kurui.

Babu alifia humo akikichimba. Kila asubuhi bibi alimimina maji kidogo kwenye pampu ya mkono ya kisima hicho ili ivute, akimwambia babu:

"Kunywa kwanza, baba watoto."

Kiangazi kimoja tulibakiwa na kikombe kimoja tu cha maji, na mdogo wangu alikuwa na homa.

"Bibi, mpe mtoto!"

"Babu yako kwanza."

Akakimimina chote kwenye pampu. Kule chini akakohoa mwanamume, kisha maji yakaja.

Leo nami nimebakiwa na kikombe kimoja. Ninakimimina kwenye mpira.

"Shikamoo, babu."

Chini ya kitanda kikohozi kinanyamaza, kama cha mtu anayetaka kuitikia.