Mkwe Ndani ya Runinga

Juzi runinga ya taifa ilionyesha nyumba zetu za mianzi, nikamwita mwanangu aache simu aje aone. Vipindi vya namna hiyo viangalieni, jamani, vina watu wetu ndani.

Mimi cha kwanza nilikitazama nikiwa mtoto, dukani kwa Mama Zuhura, pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu. Mvua ilinyesha, na khanga zilizolowa zilinuka moshi. Mama alitembea nami toka kijijini kwetu Lupepo ili aone kuta alizozikandika na kuzichora kwa mikono yake, maana wapiga picha walikuwa wamefika kwetu.

Mara kwenye runinga akatokea babu, baba mzazi wa baba. Mama akajifunika uso, akatoka mbio hadi nje mvuani.

"Mama Tumpe, rudi! Hicho kioo tu, hakikuoni!" Mama Zuhura akacheka.

"Mkwe ni mkwe, hata akiwa ndani ya sanduku," mama akajibu.

Nilidhani anamchukia babu. Sikujua kwamba kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na kwamba ile ilikuwa heshima. Nikasimama dirishani nikimsimulia kwa kelele: "Mama, ukuta wako huo! Unang'aa!"

Kisha babu akasema, "Nyumba nimejenga mimi, lakini uzuri wake ni mikono ya mkwe wangu."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia neno. Mama akapiga magoti kwenye tope, runinga kaipa mgongo, akaitikia kwa Kinyakyusa, taratibu, "Ndaga fijo." Asante sana.