Bourse na furusheti

Leo njo nimejua masomo ya Bulaya inaanziaka ku mukono.

Niko na diploma ya université, niliomba bourse, feza ya kuendelea na masomo Bulaya. Muzungu wa territoire, mukubwa wa serikali, akapanda mpaka kwetu Muheto, kuangalia kama nimestaarabika.

Diploma hakuiuliza. Aliuliza kama tuko na choo.

Tukakaa kula bugali na sombe ya majani ya muhogo, kila muntu na furusheti yake, ile kijiko ya meno. Sombe ikamunogea sana. Akaweka furusheti chini, akakula na mukono.

Sasa, kwetu hauwezi kuacha mugeni apate haya peke yake. Muke wangu akaweka yake chini. Na mimi pia.

Muzungu akapangusa vidole: "Mungali munakula na mikono. Bourse itangoja."

Kisha akaomba sombe ya njia. Muke wangu akamufungia.

Nyinyi mungemunyima?