Ukurasa Ambao Sikuufikia

Ijumaa asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu jirani aliponipigia simu: yule mzee wa duka la madaftari pale sokoni amefariki alfajiri, anazikwa baada ya swala ya Ijumaa. Nikakaa kitandani na povu usoni. Wasomaji wa Tabora mnamjua. Wa kwingine niwaambie alikuwa Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa, Kinyamwezi chake kikinishinda mimi Mnyamwezi, na nyuma ya madaftari alikuwa na rafu ya vitabu vya katuni vya Kijapani alivyowaazima vijana bure. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba. Lakini hanitoki kichwani, na leo nitasema kwa nini, hata nikiaibika.

Miaka miwili iliyopita alinipa kitabu cha kwanza cha mfululizo mrefu kuhusu wanafunzi wakorofi, wale wa magenge na kutoroka shule. Maneno yote alikuwa ameyatafsiri mwenyewe, akayaandika kwenye vikaratasi na kuvibandika juu ya michoro, kisha akakijalidi kitabu kwa karatasi ya kaki mbele na nyuma. "Mwalimu," akaniambia, "soma, uniambie uzuri wake na ubaya wake. Ila fika mwisho, tafadhali." Nilifika nusu. Vurugu tupu! Kijana anaanza kwa kumwomba mama yake msamaha, na kurasa zinavyokwenda anazidi kupiga watu; mtu anajibu kabla hajaulizwa; jeraha linapona kabla ya ngumi. Nikaandika katika safu hii hii kwamba mchoraji ni hodari lakini hadithi haina kichwa wala miguu, na kwamba inamchukua mtoto mwema na kumfanya jambazi. Mlinipongeza sana. Wazazi wakawakataza watoto wao, na nilipopita dukani baada ya wiki chache, ile rafu ilikuwa imepangwa ndoo za plastiki. Mzee hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ulifika mwisho, mwalimu?" Nikamjibu, "Nilifika, mzee wangu." Akanitazama. "Haya," akasema, akaendelea kufunga mzigo wa mteja.

Jumapili, baada ya ibada kwetu Moraviani, nilikwenda Ipuli kwenye hitima yake. Wakanikaribisha mkekani, juzuu za Kurani zikagawiwa. Mzee aliyekaa kando yangu akaipokea yake na kuifungua kwa upande ambao mimi ningeuita nyuma. Wote wakafungua vivyo hivyo. Nikakumbuka lile jeraha linalopona kabla ya ngumi, mwili ukanisisimka. Pilau ilipoletwa nikaaga, nikarudi nyumbani.

Kitabu bado kilikuwa kwangu. Hata kukirudisha sikukirudisha. Nikakifungua kwa upande wa pili. Kwenye ukurasa wa kwanza wa upande huo palikuwa na kikaratasi, mwandiko wa marehemu: "Mwalimu, anzia hapa." Mwandishi mzima, mwalimu mstaafu, nilikuwa nimekisoma kinyume, kumbe vya Kijapani navyo husomwa kutoka kulia kama juzuu, na kwa uvivu wangu sikufika hata pale ambapo ningejua nimekosea. Basi nikasoma. Ubaya upo, sitaufunika: ngumi zimezidi, wasichana wamewekwa kama mapambo, walimu wote wamefanywa wajinga. Lakini jamani, uzuri wake! Baada ya ukorofi wote ule kijana anasimama mlangoni kwa mama yake, kurasa tatu nzima bila neno hata moja, anashindwa kubisha hodi. Nililia. Mtoto niliyemtangaza jambazi alikuwa anarudi nyumbani.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amehamia kwangu kabisa. Nikishika kalamu nawaona vijana niliowaandikia barua za kufukuzwa shule, na sijui ni wangapi niliwasoma nusu nikaapa nimewamaliza. Nikipita sokoni naisikia ile "Haya" yake. Alijua, ndugu zangu. Kikaratasi alikibandika mwenyewe. Nilipojibu tu, alijua naongopa, akanisitiri mbele ya mteja. Mimi nilikuwa nimemwanika mbele ya mji mzima. Anayetaka funzo achukue hili: ukiulizwa kama umefika nawe hujafika, sema hujafika, mtu angali hai wa kukuelekeza. Mimi nasema leo, nimechelewa: sikufika, mzee wangu. Nisamehe.