Mtaalamu wa Nyanya wa Masuguru

Mwaka wangu wa pili chuoni Korogwe niliamua kuwa mtaalamu wa kilimo. Uamuzi huo niliufanya siku ya Jumanne baada ya kunywa chai, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafuzu.

Chuoni nilikuwa nasomea utunzaji wa kumbukumbu. Ni fani nzuri kwa mtu anayependa mafaili, ila mtandaoni haimletei mtu mfuasi hata wa kusingiziwa. Nilishajaribu. Video yangu ya namna ya kufungua jalada jipya ilitazamwa mara kumi na moja, na mara nne kati ya hizo mtazamaji alikuwa mimi. Wakati huohuo msichana mmoja wa darasani kwetu, ambaye kipaji chake kilikuwa kuvaa viatu, alikuwa anasimamishwa stendi na watu wapige naye picha. Roho iliniuma sana, kwa sababu za kitaaluma bila shaka.

Nilikuwa nimepanga chumba Masuguru pamoja na mwanafunzi mwenzangu. Nyuma ya nyumba, mama mwenye nyumba alikuwa na bustani ya nyanya. Kila alfajiri aliamka akamwagilia, akapalilia, akafunga miche kwenye vijiti. Mchana alipokwenda sokoni kuuza, mimi nilivaa gambuti zake na kofia yake ya ukili, nikabeba mgongoni bomba lake la kupulizia dawa. Lilikuwa tupu, maana likiwa na maji ni zito. Nikasimama katikati ya jasho la mama wa watu na kusema, "Karibuni tena shambani kwangu."

Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyeshika simu yangu kunirekodi. Mama mwenye nyumba aliwahi kunikuta na gambuti zake, nikamwambia napiga picha za kutuma nyumbani. Alifurahi kuona binti wa siku hizi anapenda shamba.

Wafuasi wakaja. Mia, mia tatu, hatimaye elfu mbili na ushee. Waliniita mtaalamu, wengine mwalimu. Wakauliza maswali, nami nikayajibu yote, kwa sababu mtaalamu hasemi sijui. Walipouliza kuhusu kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya na kukausha majani, nilikumbuka kusoma mahali fulani kitu kuhusu sabuni. Nikatamka kwa sauti nzito: vijiko vinne vya sabuni ya unga kwa lita moja ya maji, na upulize saa saba mchana. Kwa nini saa saba? Kwa sababu simu yangu ilikuwa haioni vizuri bila jua kali. Huo ndio ulikuwa utafiti wangu.

Jumamosi moja nilikuwa uani nafua, mama mwenye nyumba amekaa pembeni anachambua maharage. Bodaboda ikasimama nje, akashuka mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, kashika kikapu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Natokea Handeni. Namtafuta mtaalamu wa nyanya." Akanitazama vizuri, uso wake ukachangamka. "Alaa! Si ndiye wewe? Binti yangu anakuangalia kwenye simu yake kila siku. Uliposema upo Masuguru, nikasema nije mwenyewe."

Nikatamani beseni lile la nguo liwe na kina.

Mzee alifunua kikapu. Ndani mlikuwa na matawi ya nyanya, meusi, yamekunjamana kama yametolewa motoni.

"Nilichanganya kama ulivyotufundisha," akasema kwa adabu ambayo hadi leo sijaisahau. "Vijiko vinne, lita moja, saa saba kamili. Kesho yake shamba zima likawa hivi. Nimekuja kuuliza nimekosea wapi. Nadhani kijiko changu ni kikubwa."

Mama mwenye nyumba aliacha maharage. "Vijiko vinne vya nini, kaka?"

"Sabuni ya unga. Mtaalamu alisema."

"Mtaalamu yupi?"

Mzee akanyoosha mkono wake wote kunielekeza mimi, kwa heshima, kama anayemtambulisha mgeni rasmi.

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Aliniuliza tu, "Wewe umewahi kupanda nyanya?"

"Hapana, mama."

"Hata mche mmoja?"

"Hata mmoja."

Mzee alifunika kikapu chake polepole. "Basi," akasema, "kijiko hakikuwa na kosa."

Mama akamchukua hadi bustanini, akamwonyesha jani moja baada ya jingine, namna ya kumtambua mdudu mapema, dawa gani aulize dukani, na kwamba dawa haipuliziwi saa ya jua kali. Mimi nilibaki na nguo zangu. Hakuna aliyeniomba maoni.

Mzee alipoondoka, nilirekodi video bila kofia wala gambuti. Nikasema ukweli wote: bustani si yangu, ushauri ni wa uongo, na kuna mzee ameunguza shamba kwa sababu yangu. Nililia. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Wafuasi wangu wapendwa wakaandika, "Dada unajua kuigiza!" Wakaisambaza kuliko video zote nilizowahi kutoa. Kufikia Jumatatu wafuasi walikuwa wameongezeka mara tatu, na mtu mmoja aliniandikia akitaka nimtangazie sabuni.

Ningependa kusema nilifuta akaunti siku ileile. Nilikaa nayo wiki nzima, naifungua kila saa kutazama namba zinavyopanda, halafu ndipo nikaifuta.

Jumamosi iliyofuata mama mwenye nyumba aliniamsha mapema, akanipa boksi la miche aliyoiotesha yeye. "Utaipeleka Handeni," akasema, "na utaipanda kwa mikono yako." Niliipakata njia nzima kama mtoto wa watu.

Mzee alinipokea bila kinyongo, jambo lililoniumiza zaidi. Akanipa jembe. Alisimama nyuma yangu akisema, "Shimo fupi hilo," kisha, "Usiubane hivyo, utaukata pumzi." Kufikia adhuhuri nilikuwa na malengelenge viganjani, na mistari yangu ilikuwa imepinda kiasi kwamba mzee aliitazama akaamua kuingia ndani kunywa maji.

Mkewe alituletea makande. Aliniangalia juu hadi chini.

"Kwenye simu ulionekana mrefu," akasema. "Na leo hupigi picha?"

"Simu imeisha chaji, mama," nikamjibu.

Ilikuwa mfukoni, imejaa.