Chai Isimwagike

Fundi mwashi wa lango la bustani ya miti husema na zege lake kama mtu anayembembeleza mkwe: "Tulia mzee, usinitie aibu." Aibu ya kwanza ilimtosha. Majirani walipopata kibali cha kuziondoa ngazi tatu za lango hilo, alijenga mteremko, akaujaribu kwa kupandisha toroli ya mchanga mbio mbio, akasema umekaa sawa. Alisahau kuwa mikono yake imesukuma toroli miaka thelathini. Mwalimu mstaafu, aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya saini za kuomba kibali hicho, alifika katikati na kiti chake cha magurudumu, akarudi kinyumenyume. Fundi alichukua nyundo akauvunja mwenyewe.

Mteremko wa pili ni mrefu, umelala, na aliupima kwa kikombe cha chai kilichokaribia kujaa: alikisimamisha juu ya zege, akachuchumaa, akakikodolea macho. Ikimwagika hata tone, alikwangua akaanza upya. Leo mwalimu amekipokea kikombe hicho hicho, amekibana mapajani, na amekataa kusukumwa. Fundi anatazama magurudumu tu, vidole vyake vya saruji vikiipondaponda kofia. Kiti kinapanda polepole, kinapita lango, kinaingia kivulini. Mwalimu anakunywa chai yote, kisha anageuka.

"Fundi, mbona umesimama kama mti? Huku ndani miti tunayo ya kutosha!"

Fundi anashusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi, anacheka, anavaa kofia, na kwa mara ya kwanza anaupanda mteremko wake mikono mitupu.